Lugha ya Tiketi Ni Masharti ya Mkataba

Mtu anayenunua kiwanja Kibaha au Kitengela hatii sahihi hati asiyoielewa. Huisoma mara mbili, humwita ndugu anayejua sheria, huuliza mpaka unaishia wapi na jirani ni nani. Mtu huyohuyo akilipa nauli ya kwenda Muscat, Guangzhou au London, pengine kwa akiba ya mwaka mzima, hupokea ujumbe uliojaa herufi na tarakimu, akaupitisha macho mara moja, akafunga simu. Kumbe ule ujumbe nao ni hati. Kila neno lililomo linaamua nani atabeba hasara mambo yakienda kombo: abiria, shirika la ndege au wakala. Hoja ya makala hii ni kwamba msamiati wa biashara ya safari una uzito wa sheria, na kwa hiyo anayemuuzia tiketi mtu wa Kiswahili ana wajibu wa kumweleza masharti hayo kwa Kiswahili, naye msafiri ana haki ya kuyadai kabla fedha haijatoka mfukoni.

Ufupi wa lugha hii una chanzo chake. Chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kiliundwa Havana mwaka 1945, na mtandao wa mawasiliano wa mashirika hayo, SITA, ukaanzishwa mwaka 1949, enzi ambazo habari zilipitia waya za simu ya maandishi na urefu wa ujumbe ulikuwa gharama. Kompyuta za kuhifadhi nafasi zilipokuja, kuanzia mfumo wa Sabre mwaka 1960, nazo zilikuwa na kumbukumbu ndogo, kwa hiyo ufupisho ukabaki. Ndiyo maana hadi leo karani wa tiketi huona kwenye kioo chake mstari wa namna hii: XX 123 Y 15MAR DARNBO HK1 0030 0150. Herufi mbili za mwanzo husimama badala ya jina la shirika, kama KQ kwa Kenya Airways au TC kwa Air Tanzania. Namba inayofuata ni ya ndege. Y ni kundi la nauli, na kundi hilo ndilo linaloamua kama unaweza kubadili tarehe na kwa faini gani. Watu wawili waliokaa viti vya jirani, wakala chakula kilekile, wanaweza kuwa na haki tofauti kabisa kwa sababu ya herufi hii moja. 15MAR ni tarehe 15 Machi, na DARNBO ni kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi. HK1 maana yake kiti kimoja kimethibitishwa. Mafungu mawili ya mwisho, ya tarakimu nne nne, ni saa ya kuondoka na saa ya kufika.

Hapo kwenye HK1 ndipo wengi wanapoanza kupotea. Kiti kuthibitishwa ni jambo moja, na tiketi kutolewa ni jambo jingine. Namba ya nafasi huwa na herufi na tarakimu sita, na inaweza kutolewa hata kabla ya mtu kulipa; muda wa malipo ukipita, shirika huifuta nafasi hiyo. Tiketi yenyewe, ambayo tangu katikati ya mwaka 2008 ni ya kielektroniki, ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutambulisha shirika lililoitoa: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian Airlines. Aliyelipa nauli kamili akapewa zile sita tu hajashika tiketi; ameshika ahadi ya kuwekewa kiti. Kujua tofauti hiyo kunamwezesha kuuliza swali moja lenye nguvu kabla hajaondoka ofisini kwa wakala: tarakimu zangu 13 ziko wapi?

Saa nazo zinahitaji uangalifu wa pekee kwetu sisi, kwa kuwa Kiswahili kina saa yake. Tiketi hutumia saa ya mahali ndege ilipo, na siku yake huanza usiku wa manane. Sisi twahesabu saa kuanzia kuchomoza na kuzama kwa jua, na kwa desturi yetu ya zamani siku huanza magharibi, hivi kwamba usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Katika mstari ule wa juu, 0030 ni saa sita na nusu usiku. Lakini usiku wa lini? Abiria anayeuhesabu usiku kuwa mwisho wa siku, si mwanzo wake, akiambiwa tu kwamba ndege yake inaondoka tarehe 15, saa sita na nusu usiku, atashinda nyumbani tarehe 15, ataaga jamaa baada ya chakula cha jioni, na atafika uwanjani wakati ndege imeshaondoka karibu siku nzima iliyopita. Alitakiwa kutoka nyumbani jioni ya tarehe 14. Kiswahili kina tiba ya jambo hili, nayo ni tungo tunayoisikia kila siku katika taarifa ya habari: usiku wa tarehe 14 kuamkia tarehe 15. Karani anayesema hivyo amemaliza utata wote. Neno la kutenda kazi hiyo lilikuwapo muda wote. Linalokosekana ni mazoea ya kulitumia mbele ya dirisha la tiketi.

Kuachwa na ndege ya kwanza hakuishii hapo, kwa sababu masharti mengi yanasema abiria asiyefika bila kutoa taarifa hufutiwa na sehemu za safari zilizobaki, pamoja na za kurudi. Aliyekosa ndege ya Dar es Salaam kwenda Nairobi, akapanda basi akidhani ataidaka ndege ya mbele huko Nairobi, anaweza kukuta jina lake halipo tena. Hali hubadilika pia kulingana na namna safari ilivyounganishwa. Ndege mbili zilizo ndani ya tiketi moja ni safari moja: ya kwanza ikichelewa na kumkosesha abiria ya pili, ni kazi ya shirika kumtafutia nyingine. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, hata kwa siku moja na kwa wakala mmoja, ni mikataba miwili isiyojuana, na hasara ya kuchelewa humwangukia msafiri. Bei ya tiketi mbili mara nyingine huwa nafuu, na mtu anaweza kuichagua kwa akili timamu. Ila achague akijua kwamba unafuu huo ameulipia kwa kuubeba mzigo wa hatari yeye mwenyewe.

Hata tungo nyepesi ya moja kwa moja ina tundu ndani yake. Katika lugha ya biashara hii, ndege ya moja kwa moja ni ile isiyobadili namba kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini inaweza kutua njiani, ikashusha na kupakia. Kwa miaka mingi ndege ya KLM ya kutoka Amsterdam kuja Dar es Salaam ilitua kwanza Kilimanjaro. Isiyotua popote ina jina lake tofauti, na kwa Kiswahili inatosha kabisa kuiita safari bila kutua. Mzee mwenye maradhi ya miguu, au mama anayesafiri na mtoto mchanga, ana sababu nzito ya kutaka kujua ipi kati ya hizo mbili anauziwa.

Sehemu ambayo neno hugeuka kuwa fedha waziwazi ni mizigo. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama wake, unatofautisha mzigo ulioharibika, uliochelewa na uliopotea. Ulioharibika unatakiwa kulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Uliochelewa, ndani ya siku 21 tangu siku ulipokabidhiwa. Na shirika likishindwa kuuleta kwa siku 21 tangu tarehe uliyotakiwa kufika, abiria anaweza kudai haki zake kama za mzigo uliopotea. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024 kikomo cha fidia ni vizio 1,519 vya kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban dola 2,000 za Marekani kwa abiria mmoja. Sasa tazama kinachotokea uwanjani. Abiria anasimama mbele ya mkanda uliosimama, begi halikutokea, naye anasema limepotea. Kwa sheria bado halijapotea, limechelewa, na hatua ya kwanza ni kuandikisha taarifa kwenye dawati la mizigo kabla ya kutoka nje na kupewa namba ya taarifa hiyo; fomu yake ndiyo ambayo makarani huiita PIR. Asiyeijua fomu hiyo huenda nyumbani na hasira yake, akarudi baada ya wiki bila ushahidi wowote. Haki ilikuwapo, lakini ilikaa nyuma ya neno ambalo hakuna aliyemfundisha.

Hoteli na ziara za mbugani zina msamiati wa aina hiyohiyo. Bei inayotangazwa kwa kila mtu, kwa kawaida, huchukulia kwamba wawili wanalala chumba kimoja. Anayesafiri peke yake hutozwa nyongeza. HB ni kifungua kinywa na chakula cha jioni, FB ni milo mitatu, na katika zote mbili vinywaji kwa kawaida hulipiwa kando. Inasikitisha kwamba biashara hii, iliyochukua neno letu safari na kulitembeza dunia nzima likiwa na maana ya kwenda kutazama wanyama, haijarudisha fadhila kwa kumweleza Mswahili bei zake kwa lugha iliyotoa neno hilo.

Wapo watakaosema kwamba usafiri wa anga ni wa kimataifa, na kuingiza lugha nyingine ni kuleta hatari. Hoja hii ina ukweli mahali pake. Rubani na mwongoza ndege wanatakiwa wawe na lugha moja ya kuelewana, na kiwango cha Kiingereza chao hupimwa kwa kanuni za kimataifa. Herufi za viwanja nazo zibaki zilivyo, ili begi la kwenda MCT, yaani Muscat, lisipelekwe kwingine. Lakini lugha ya wenye kazi na lugha ya mkataba ni vitu viwili. Daktari huandika dawa kwa istilahi zake, kisha humwambia mgonjwa kwa Kiswahili ameze vidonge vingapi na saa ngapi. Hakuna anayedai kwamba maelezo hayo yanahatarisha tiba; yanailinda.

Wengine watasema Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Jibu liko stendi. Usafiri wa barabarani umejijengea msamiati kamili bila kusubiri kamati: konda, utingo, mpiga debe, deiwaka, daladala upande wa Tanzania, matatu upande wa Kenya. Majina hayo mawili ya mwisho yanahusishwa na nauli zenyewe: daladala na ile sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala, matatu na senti thelathini za zamani. Abiria wa basi anajua tofauti ya basi linalopakia njiani na lisilopakia, na anaitetea haki yake kwa sauti, kwa sababu maneno ya safari yake ni ya kwake. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo tangu mwaka 1967 na kusanifu istilahi ni kazi yake. Hata pale ambapo istilahi bado haijazoeleka, sentensi nzima ya wazi hutosha. Kusema kwamba nauli hii hairudishwi ukiahirisha safari hakuhitaji kamusi mpya.

Pingamizi la tatu ndilo lenye mvuto zaidi: kwa nini abiria ajisumbue wakati wakala yupo? Wakala mwema ana thamani kubwa, na wengi huwaokoa wateja wao usiku wa manane. Hata hivyo wakala hasimami na abiria kwenye dawati la mizigo Addis Ababa, wala hayuko Doha ndege ya pili inapoondoka bila mteja wake. Huko abiria yuko peke yake na hati yake. Aidha, aliyezoea kueleza masharti kwa lugha ya mteja hujikinga mwenyewe na lawama, kwa kuwa ugomvi mwingi wa kurudishiwa fedha huanza na mtu aliyesikia neno moja akaelewa jingine.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kulipa nauli yoyote ya ndege, uliza mambo matano kwa Kiswahili na udai majibu kwa maandishi. Nikilipa, nitapewa papo hapo namba ya tiketi yenye tarakimu 13? Ninaondoka usiku wa kuamkia tarehe gani? Hii ni tiketi moja au mbili? Nikiahirisha, narudishiwa kiasi gani? Mizigo ni kilo ngapi, na mpaka kituo kipi? Muuzaji anayeyajibu matano hayo bila kusita anastahili fedha yako. Asiyeweza kuyajibu, usimlipe kwanza.