Mwalimu wa Madrasa na Mtoto Anayedhulumiwa Nyumbani

Mtoto aliyekuwa wa kwanza kufungua msahafu anaanza kusinzia. Anakaa upande mmoja jamvini, na wenzake wakiondoka yeye hubaki akifagia ukumbi ambao hakuna aliyemwagiza kuufagia. Mwalimu makini huyaona haya kabla ya jirani.

Amwite pembeni, mahali wanapoonekana na watu lakini hawasikiki, amwulize kwa upole, kisha anyamaze asikilize. Asimwahidi kuficha siri, kwani ahadi hiyo hataweza kuitimiza. Wala asiharakishe kumwita mzazi: huenda mtoto akaadhibiwa jioni ile ile.

Wapo watakaosema kuwa huku ni kuvunja sitara ya nyumba ya Muislamu. Hoja hii husikika hata katika vikao vya kamati zetu, na kwa hakika inachosha. Sitara ni ya aibu ya mja baina yake na Mola wake. Dhulma ina mwenye haki anayelia. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa dhalimu atasaidiwa vipi, alijibu kuwa ni kwa kumzuia.

Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa serikali ya mtaa. Lipo pia Dawati la Jinsia na Watoto polisi, yupo ofisa ustawi wa jamii, na ipo simu ya bure 116. Aliyejeruhiwa apatiwe fomu ya PF3 na matibabu.

Na bakora ya madrasani je? Mtoto hatamfungulia moyo mwalimu ambaye naye anamchapa.