Zimwi la Kijani Lililoonekana Jeupe

Mwaka 1931, katika studio za Universal huko California, mpambaji Jack Pierce alimkalisha mwigizaji Boris Karloff, aliyecheza zimwi, kitini kwa saa kadhaa kila siku ya kazi, akimpaka usoni mafuta ya kijani kilichochanganyika na kijivu. Aliyepishana na Karloff nje ya seti aliona kioja cha kijani. Aliyekata tiketi ya sinema aliona maiti: ngozi iliyopauka, haina hata tone la damu. Filamu ya Frankenstein ilipigwa kwa nyeusi na nyeupe, na Pierce alilijua hilo vizuri. Hakuwa anatafuta rangi ya ngozi. Alikuwa anatafuta kiasi cha mwanga ambacho kamera ingekinasa. Karloff naye alitoa meno yake ya bandia ya upande mmoja ili shavu libonyee na kushika kivuli.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1961, kampuni ya Aurora ya New York ililiuza zimwi hilo kama kisanamu cha plastiki, vipande vya kuunganisha kwa gundi na kupaka rangi mwenyewe. Wengi walilipaka kijani, na kijani ndiyo sura yake mpaka leo kwenye vinyago vya sherehe. Lakini wako wapakaji wa visanamu wanaokataa. Hao hutumia nyeusi, nyeupe na kijivu peke yake, ili zimwi lisimame mezani kana kwamba limeshuka kutoka kwenye pazia la sinema. Ukidhani kazi hiyo ni nyepesi kwa sababu makopo ya rangi ni mawili tu, jaribu.

Shida ya kwanza ni udogo. Mtu wa sentimita 175 akipunguzwa mara 35, kipimo wanachokipenda sana wenye fani hii, anabaki na sentimita 5. Ukimshika sentimita 30 kutoka machoni, anaonekana kwa ukubwa ule ule wa mtu aliyesimama mita kumi na nusu kutoka kwako. Jicho linadanganyika kwa urahisi. Mwanga ndio unaokataa. Jua, tukilitazama kutoka huku duniani, lina upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo kivuli chake kina ukingo mkali. Taa ya mezani yenye upana wa sentimita 10, ikiwa nusu mita kutoka kwa kisanamu, ina upana wa zaidi ya nyuzi 11. Mbele ya kisanamu hicho, taa hiyo ni jua lililovimba mara ishirini na zaidi. Vivuli vyake vinalegea na kuyeyuka, na mwanga unaorudi kutoka darini na ukutani unamalizia vilivyobaki. Tena mkunjo wa koti wenye kina cha sentimita 1 umeshakuwa chini ya theluthi moja ya milimita. Paka kijivu kimoja juu yake, utapata askari wa kuchezea.

Basi mpakaji analazimika kupaka kivuli kwa mkono. Njia moja inayotumika sana inanifurahisha kwa sababu ni jaribio la fizikia lililojificha ndani ya ufundi. Kisanamu kizima hupuliziwa rangi nyeusi. Ikikauka, hupuliziwa nyeupe kutoka juu tu, upande mmoja. Matone madogo ya rangi yanasafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kama miale, na kutua pale ambapo mwanga wa juu ungetua: utosini, mabegani, mgongoni mwa pua. Chini ya kidevu na kwapani hayafiki. Kwa dakika chache mpakaji anapata ramani ya mwanga, na brashi inaanza kazi juu ya ramani hiyo.

Mwenye rangi zote ana pa kujificha. Koti jekundu na suruali ya kijani vinatengana vyenyewe, hata kama havijatofautiana kwa mwangaza. Zitoe rangi, vitu hivyo viwili vinaweza kugandana kuwa bonge moja la kijivu. Rangi haziingii kwenye mwangaza kwa usawa. Televisheni za kisasa zinapokokotoa mwangaza wa picha, kijani huhesabiwa takriban asilimia 72, nyekundu 21, buluu 7 tu. Mizani hiyo inafuata jicho lenyewe, ambalo mchana huwa kali zaidi kwa mwanga ulio kati ya kijani na manjano. Wapakaji wengi siku hizi hukipiga kisanamu picha kwa simu, wakaondoa rangi, wakaona palipogandana.

Lugha yetu, nadhani, ilishaliona jambo hili la mwangaza kutangulia rangi. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyofuata nomino: kitambaa cheupe, mlango mweusi, gari jekundu. Rangi nyingine tumeziazima kwenye vitu: kijani kutoka kwenye jani, kahawia kwenye kahawa, manjano kwenye kiungo cha mchuzi. Na kijivu kimetoka jikoni, kwenye majivu.

Kukichanganya hicho kijivu ni balaa jingine. Changanya nyeusi na nyeupe nusu kwa nusu, na utapata karibu nyeusi. Chembe za kaboni zilizomo kwenye rangi nyeusi ni ndogo mno na zinameza mwanga kwa pupa. Tone moja linatosha kuchafua kijiko kizima cha nyeupe. Juu ya hayo, jicho halihesabu kwa rula. Kijivu tunachokiona kuwa katikati kabisa hurudisha mwanga asilimia 18 hivi, si 50. Na mchanganyiko wenyewe mara nyingi huelekea ubuluu, kwa kuwa chembe ndogo hutawanya buluu zaidi kuliko nyekundu, mambo yale yale yanayofanya moshi mwembamba uonekane wa buluu. Fundi mjanja hutia kahawia kidogo, kiasi kwamba hakuna atakayekiona.

Halafu kuna rangi jirani. Mwaka 1995 Edward Adelson wa chuo cha MIT, Marekani, alichora ubao wa drafti ulioangukiwa na kivuli cha mcheduara. Mraba mmoja unaonekana mweusi, mwingine ulio kivulini unaonekana mweupe, na yote miwili ni kijivu kile kile. Ziba vilivyoizunguka uone. Mimi nimeziba mara nyingi na bado ubongo wangu unabisha. Ubongo hausomi kijivu, unakisia kitu kimemulikwaje. Kwa hiyo chuma na nguo vinaweza kupakwa kwa makopo yale yale mawili. Kwenye nguo kijivu kinapanda polepole kuelekea nyeupe. Kwenye chuma kinaruka: nyeusi kabisa, na ubavuni mwake, bila ngazi yoyote, mstari mweupe mwembamba kama unywele. Hakuna chembe ya fedha iliyotumika, na bado misumari ya shingoni mwa zimwi inang'aa.

Hila hii ina mahali inapoishia, na unaweza kupafikia kwa vidole viwili. Kishike kisanamu kwenye kitako chake, ukigeuze nusu mzunguko chini ya taa. Kivuli cha taa kinahama upande wa pili wa pua. Kilichopakwa kinabaki palepale, na zimwi sasa lina majua mawili yanayogombana usoni. Lirudishe lilivyokuwa, ugomvi unaisha. Piga picha, itazame kwenye simu: mwaka 1931 mtupu, mpaka jicho lishuke kwenye kona ya chini na kukuta kidole gumba chako, cha kahawia, chenye ukucha wa waridi.