Kasongo-Kabambare: Alarmu isiyo na waya inaweza kulinda nyumba, ikiwa imefungwa pahali panapofaa

Wezi wanapovunja mlango usiku, mwenye nyumba wa Kasongo ao Kabambare hana njia nyingi za kuomba msaada. Anapaza sauti, anamwita jirani kwa simu, ao anategemea mbwa na mlinzi wa usiku. Mijini Goma na Bukavu, wakaaji wa mitaa mingi wamezoea kupiga sufuria na filimbi ili kuamsha mtaa mzima. Njia hizo zote zina shida moja: lazima mtu awe ameamka kwanza.

Hapo ndipo kigunduzi cha mwendo, ambacho mafundi wengi wanakiita detekta, kinaweza kusaidia. Ni kisanduku kidogo cha plastiki kinachofungwa ukutani na kinachotumia batri zake chenyewe. Mtu akipita mbele yake, kinatuma ishara ya redio kwa kisanduku kikuu cha alarmu, nacho kinapiga sireni ao simu. Hakuna waya wa kupitisha ndani ya ukuta. Kusini mwa Maniema, ambako familia nyingi zinapata mwangaza kwa paneli za jua na batri, jambo hilo lina maana kubwa.

Kinaona joto, si sura

Vigunduzi vingi vya bei nafuu havina kamera. Vinafuatilia joto la mwili, yaani mionzi ya infraredi ambayo macho hayaioni. Kioo cha plastiki cha mbele kinagawanya chumba kwa vipande vingi. Mtu akitoka kipande kimoja na kuingia kingine, kigunduzi kinahisi joto limebadilika.

Kwa sababu hiyo, kinamwona vizuri zaidi mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayekuja moja kwa moja kukielekea. Kukifunga kikitazamana na mlango si sawa kila mara. Afadhali kiwe kwenye pembe ya chumba, ili anayeingia apite mbele yake kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kupima kabla ya kutoboa ukuta

Urefu unaofaa kwa vigunduzi vingi ni kati ya mita 2 na mita 2,2 kutoka chini. Kikiwa juu sana, mtu anaweza kupita chini yake bila kuonekana. Kikiwa chini sana, kabati na magunia vinakiziba. Vingi vinafikia mita 8 hadi 12, lakini havioni kupitia ukuta, kioo cha dirisha wala rundo la bidhaa. Mwenye depo akipanga magunia ya mchele hadi juu mbele ya kigunduzi, amekifunga macho yeye mwenyewe.

Kisitazame dirisha linalopigwa na jua, jiko, taa ya petroli ao pazia linalopeperushwa na upepo. Kisiwe pia karibu sana na manjanja. Mchana paa linawaka, na hewa ya chumba ikikaribia joto la mwili wa binadamu, digrii 36 ao 37, kigunduzi kinashindwa kutofautisha mtu na hewa. Usiku, joto likishuka, kinafanya kazi vizuri tena.

Kuna pia kuku, mbuzi na paka. Vigunduzi fulani vimetengenezwa ili visishtushwe na mnyama mdogo, lakini paka akipanda juu ya meza karibu nacho, sireni italia. Mjusi ao buibui akitembea juu ya kioo chake, ni vilevile. Ni lazima kuziba tundu la nyuma ili wadudu wasiingie, na kufuta kioo kwa kitambaa kikavu.

Kukitambulisha kwa kisanduku kikuu

Kabla ya kufunga, weka kisanduku kikuu na kigunduzi juu ya meza moja. Bonyeza kitufe cha kupokea kwenye kisanduku kikuu, kisha pitisha mkono mbele ya kigunduzi. Mlio ao taa inaonyesha kwamba vimejuana. Baada ya kuweka batri, kigunduzi kinahitaji karibu dakika moja ya kutulia.

Kisha kipeleke pahali pake na ufanye jaribio ukiwa huko, kwa sababu kuta nene za matofali, milango ya chuma na manjanja vinapunguza nguvu ya redio. Kisanduku kikuu kisifichwe ndani ya sanduku la chuma.

Kosa moja linawadanganya wengi wakati wa jaribio. Ili kuhifadhi batri, vigunduzi vingi vikishaona mwendo vinapumzika dakika chache kabla ya kutuma ishara nyingine. Mtu anapita mara 2, kigunduzi kinanyamaza, naye anafikiri kimeharibika. Tumia hali ya jaribio kama ipo, ao toka chumbani, ngojea, kisha uingie tena.

Umeme na simu

Kisanduku kikuu ndicho kinachohitaji umeme wa kudumu. Vingi vina batri ndogo ndani, lakini hiyo inasaidia kwa saa chache tu. Anayetaka kukiunganisha na batri ya paneli ya jua asome kwanza volti zilizoandikwa juu yake. Batri inayoitwa ya volti 12 inaweza kupita volti 14 inapochajiwa, na hiyo inaweza kuunguza kifaa kisicho na kidhibiti.

Vile vinavyopiga simu vinatumia kadi ya SIM. Ondoa namba ya siri ya kadi, hakikisha ina uniti, na uandikishe namba za watu 3 ao 4 walio karibu. Jirani anayelala mita 50 kutoka kwako ana faida kuliko ndugu aliye Kindu. Mtandao ukikatika, simu haitapita. Kwa hiyo alarmu haiondoi kazi ya mlinzi wala ya majirani.

Kabambare: sireni ao ukimya?

Hali si moja kila pahali. Wilaya ya Kabambare, yenye zahabu ya Salamabila na Namoya, imeteseka kwa miaka mingi kwa sababu ya makundi yenye silaha. Mwaka 2019, hata kampuni ya Banro ilisimamisha kazi kwenye mgodi wa Namoya kwa sababu ya ukosefu wa usalama.

Mwizi anayevunja dirisha anaweza kukimbia akisikia sireni. Mtu mwenye bunduki anaweza kukasirika na kufyatua risasi. Pale penye hatari hiyo, afadhali kuzima sireni na kuacha kisanduku kipige simu kimyakimya. Familia ijifungie ndani, wala mtu asitoke nje kuangalia. Majirani nao wapatane mapema nani ataita polisi, na nani atamwarifu mkuu wa avenyu. Mshukiwa akikamatwa, akabidhiwe vyombo vya usalama. Alarmu si ruhusa ya kumpiga mtu wala kumchoma.

Mara moja kwa mwezi, pita mbele ya kigunduzi na uone kama simu zinalia. Badilisha batri mara tu taa inapoonyesha zimechoka. Sireni ikilia bure kila usiku, jirani atazoea, na siku ya hatari hataamka.