Neno “Entertain”: Si Burudani Peke Yake



Kijana mmoja wa seminari ndogo alinijia baada ya mafungo akiwa na shida moyoni. Mhubiri alikuwa amefundisha kwa Kiingereza, na mara kadhaa alirudia maneno haya: “Do not entertain bad thoughts.” Kijana alilifahamu neno “entertain”, lakini alijua maana yake moja tu, yaani kuburudisha. Akajiuliza: mtu anawezaje kuliburudisha wazo? Mwishowe akaamua kwamba mhubiri alimaanisha wazo baya lisimjie kabisa. Na kwa kuwa yeye yalimjia karibu kila siku, alikuwa ameacha kupokea Komunyo kwa majuma matatu.

Kitenzi kimoja cha Kiingereza kilikuwa kimemfungia mtoto mlango wa altare. Kwa sababu hiyo naona inafaa tukitazame kitenzi hiki kwa utulivu.

Asili ya neno

Waseminari wanaosoma Kilatini wataitambua mizizi yake upesi. “Inter” ni kati, na “tenere” ni kushika. Waingereza walilipokea neno hili kupitia Kifaransa katika karne ya 15. Maana ya msingi ilikuwa kushika, kudumisha, kumweka mtu pamoja nawe. Kuchekesha na kuimbia watu kulikuja baadaye. Basi, ukitaka kulielewa neno hili mahali popote, anza na picha ya mwenye nyumba anayemfungulia mtu mlango na kumpa kiti.

Kumpokea mgeni

Matumizi ya kwanza ni hayo ya kukaribisha na kukirimu. Mwingereza akisema jana jioni “he entertained two guests”, si lazima kulikuwa na ngoma. Pengine alipika chakula, wakala, wakazungumza. Katika Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611, Waraka kwa Waebrania 13:2 unatumia kitenzi hiki mara mbili, kuhusu watu waliowapokea malaika bila kujua. Hapo hakuna aliyewaimbia malaika. Waliwapa nafasi nyumbani, kama Abrahamu alivyofanya kule Mamre.

Sisi wa Njombe hatuhitaji kamusi kwa jambo hili. Mgeni akifika kijijini husalimiwa “kamwene”, huvutiwa kigoda karibu na moto, na kama ni msimu wake huletewa ulanzi. Wabenedikto, tunaowafahamu kuanzia Peramiho hadi Uwemba, wana sura ya 53 ya Kanuni yao inayoagiza kwamba mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe.

Kuburudisha na kutumbuiza

Matumizi ya pili ndiyo yanayojulikana zaidi: kuwafurahisha watu kwa nyimbo, hadithi au vichekesho. Ukishuka Makambako, pale barabara ya kwenda Songea inapoachana na ile ya Mbeya, utaona neno “burudani” kwenye mbao za baa, maana hapo wasafiri na madereva wa malori hupumzika. Neno letu hili lina asili ya Kiarabu na ni ndugu wa neno “baridi”. Kumburudisha mtu ni kumpoza. Ni neno la watu wa pwani, wanaotafuta kivuli na maji ya dafu. Kwa mtu wa Njombe mwezi wa Juni, umande ukiwa umeganda shambani, kupozwa si zawadi kubwa!

Kutumbuiza nako, katika Kiswahili cha zamani, ni kutuliza kwa wimbo, kama mama anavyombembeleza mtoto. Leo hutumika kwa kila anayeimba mbele ya hadhira. Hapo panahitaji uangalifu. Katika sherehe baada ya Kipaimara, mshereheshaji akisema kwaya itatutumbuiza, amesema sawa. Lakini ndani ya Misa kwaya haitumbuizi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusyo juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 112, unafundisha kwamba wimbo mtakatifu ni sehemu ya liturujia yenyewe. Wanakwaya wanasali na kutuongoza kusali. Tukiwaita watumbuizaji, nasi tunajigeuza kuwa watazamaji.

Kupokea ombi

Matumizi ya tatu yapo ofisini. Katika matangazo ya kazi mara nyingi tunasoma: “Late applications will not be entertained.” Maana yake ni kwamba barua zitakazochelewa hazitashughulikiwa. Zitafika mezani, lakini hakuna atakayezifungua na kuzijadili. Hapa pia ni picha ya kiti: barua imebisha hodi, lakini haikukaribishwa ndani.

Kulikaribisha wazo

Sasa tunaweza kumrudia yule kijana. “To entertain a thought” ni kulikaribisha wazo, kulikalisha na kuzungumza nalo. Wazo kufika mlangoni ni jambo moja, na kulipa kiti ni jambo lingine.

Kanisa limefundisha tofauti hii tangu kale. Mtakatifu Augustino alieleza hatua tatu: kwanza kishawishi, kisha kuona utamu wake, mwisho kukubali. Mtakatifu Gregori Mkuu naye alizitumia hatua hizo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1857, inasema kwamba ili dhambi iwe ya mauti yanatakiwa mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe na ufahamu kamili, na akubali kwa hiari. Wazo lililokuja bila kuitwa, nawe ukalikataa, halina hilo la tatu. Hodi si dhambi.

Lakini tusijidanganye upande wa pili. Wapo wanaosema, “Nililifikiria tu, sikutenda.” Kama ulilipikia chai wazo la kulipiza kisasi, ukakaa nalo usiku mzima na kulisindikiza asubuhi kwa ahadi kwamba lirudi, huwezi kusema lilipita tu. Hilo ndilo mhubiri alilokataza.

Nilimweleza kijana hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Kwa hiyo, Padre, likigonga nisipofungua, bado mimi ni safi?” Nikamjibu: “Ndiyo. Na likigonga tena kesho, usifungue tena.” Jumapili iliyofuata nilimwona kwenye mstari wa Komunyo.

Ndugu msomaji, ukikutana tena na kitenzi hiki, tazama kwanza ni nani au ni nini kinachopokewa. Kama ni mgeni, mkirimu. Kama ni watu waliokaa sherehe, wafurahishe. Kama ni ombi, lishughulikie. Kama ni wazo, liulize linatoka wapi kabla hujalisogezea kiti.