Sanamu ya siku moja: nani anatoa ruhusa ya ukumbusho?

Mu Februari 2005, watu wa Kinshasa waliona Leopold II amerudi. Sanamu yake ya shaba, ile utawala wa Mobutu uliondoa miaka ya 1960, ilisimamishwa tena karibu na gare centrale. Waziri wa Utamaduni wa wakati ule, Christophe Muzungu, ndiye aliamua: alitaka watu waone na mazuri ya historia ile. Masaa machache kisha, ikashushwa. Kitu chenye kimesimamishwa na mkono wa mtu mmoja, mkono mwingine unakiangusha.

Sisi wa Beni na Butembo hadisi ile inatuhusu. Tuko na wafu wa Kikyo, 1998. Tuko na wafu wa Rwangoma, tarehe 13 Agosti 2016, na wale wote wa tangu Oktoba 2014. Familia zinauliza: majina yao yataandikwa wapi? Wengi wanawaza juu ya sima na mawe. Lakini swali la kwanza ni ruhusa.

Tuangalie Washington, Marekani. Kule, sheria ya 1986 inasema ukumbusho mupya kwenye uwanja wa Leta unapitishwa kwanza na bunge. Kama ni wa mtu, lazima awe amekufa tangu miaka 25. Kisha tume zinachunguza mahali na mchoro. Wenye mupango wanapewa miaka 7, na mbele ya kujenga wanaweka pembeni asilimia 10 ya gharama kwa matunzo. Ni safari ndefu, lakini macho mengi yamepita juu yake.

Matunzo si neno dogo. Jino la Lumumba lilizikwa Limete tarehe 30 Juni 2022, mbele ya wakubwa wa inchi. Mu Novemba 2024, kaburi lile liliharibiwa.

Na hapa kwetu? Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko mu état de siège, na wameya wetu ni wapolisi. Conseil urbain, ile sheria inataka ichaguliwe, hatujaiona. Basi ruhusa inabakia mu sinyatire moja, kama ya Kinshasa mwaka 2005. Meya akibadilishwa, makaratasi yanaweza kulala mu tiroir.

Ndiyo maana familia zijitengenezee macho mengi. Liste ya majina isomwe mbele ya watu kwenye kartié. Shefu, makanisa, misikiti na koperative ya wachimbaji watie sinyatire. Kiwanja kiwe na karatasi yake. Kopi zibakie kwa watu mbalimbali, si kwa président wa komite peke yake.

Wachimbaji wako na sababu ingine ya kuuliza. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 ilizaa FONAREV, mufuko wa kulipa waliopata mateso ya vita, na sehemu ya redevance minière yenye makampuni yanalipa inaingia mule. Utajiri wa udongo unachangia. Wenye kuchimba wako na haki ya kujua kama majina yao yamo.

Kazi inaweza kuanza leo na kaye moja. Kwenye carrière, wengi wanajulikana kwa jina la utani tu. Andikeni jina la nyumbani, kijiji, na siku. Bila ile, hata serkali ikikubali kesho, jiwe litakosa cha kusema.