Mapishi na Masharti Yake

Muulize mpishi hodari wa Unguja au Pemba siri ya mchuzi wake, naye atakujibu kwa neno moja: kiasi. Chumvi kiasi, pilipili kiasi, ndimu kiasi, na moto nao kiasi. Jibu hilo halina choyo ndani yake. Yeye mwenyewe hakupewa kibaba wala kijiko cha kupimia. Alikaa jikoni na mama yake, akatazama, akaonja, akakosea na kukemewa, mpaka mkono wake ukajua. Ndivyo elimu ya jikoni ilivyorithiwa katika visiwa hivi, na kwa miaka mingi ilitosha.

Siku hizi haitoshi tena. Binti yuko skuli mchana kutwa, mama yuko kazini au sokoni, bibi amebaki shamba na wajukuu wako mjini. Mapishi husafiri kwa maneno machache ya haraka, kwa simu au kwa jirani wa mlango wa pili: menya, chemsha, tia tui, pakua. Vitu vinavyotiwa chunguni hutajwa vyote. Kinachosahauliwa ni masharti: lile "usifunike", lile "mwaga maji ya kwanza", lile "hiki hakiliwi". Na masharti hayo, ndugu msomaji, hayakuwekwa kwa ajili ya ladha peke yake. Mengi yaliwekwa kwa ajili ya uhai.

Tuanze na muhogo, maana ni nadra kuikuta nyumba kisiwani isiyoujua. Wazee wetu wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati mchele na unga wa ngano vilipokuwa vya mgao, jinsi muhogo, majimbi, ndizi na shelisheli vilivyozikimu nyumba nyingi. Hata leo, bei ya mchele wa meli inapopanda, watu hurejea shambani. Yafaa basi warejee na elimu yake kamili.

Muhogo wa nazi wa kuwatosha watu watano hutaka kilo moja na nusu ya muhogo mtamu uliochimbwa siku hiyo au jana yake, nazi moja kubwa, kitunguu kimoja, pilipili mbichi mbili, ndimu na chumvi. Menya maganda yote mawili, la nje lililo jembamba na la ndani lililo nene. Kata vipande, ondoa uzi wa katikati, na kipande chenye michirizi myeusi au ya buluu kitupe. Osha, tia maji mengi na chumvi, chemsha bila kufunika mpaka muhogo uive, kisha mwaga maji hayo. Hapo ndipo utie tui jepesi, kitunguu na pilipili, uache vichemke pamoja. Mwisho tia tui zito, ukilikoroga polepole lisikatike, kamua ndimu na uepue. Ukiwa na samaki wa kukaanga pembeni, hicho ni chakula cha kumkirimu mgeni.

Sasa tuulize: kwa nini kumenya maganda yote mawili, kwa nini kutofunika, na kwa nini kumwaga maji? Muhogo una kitu ndani yake ambacho, ukikatwa au kupondwa, huzaa sumu ya sianidi. Sumu hiyo huwa nyingi zaidi katika ganda na katika majani kuliko katika nyama ya mzizi. Uzuri wake ni kwamba ni nyepesi: hupaa na mvuke, na nyingine huyeyuka katika maji. Mwenye kufunika sufuria huizuia isitoke, na mwenye kuyatumia maji yale huirudisha mezani. Bibi zetu hawakuijua kwa jina, lakini njia ya kuitoa nyumbani waliijua.

Muhogo mchungu una sharti zaidi. Huo kuchemsha peke yake hakuutoshi, kwa sababu moto huua mapema kile kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuifungua sumu ili itoke. Ndiyo maana hulowekwa majini siku tatu hivi mpaka ulainike, ndipo uanikwe kuwa makopa na kusagwa unga. Anayeona siku tatu ni nyingi, akauanika vivyo hivyo, hujidanganya, kwani jua peke yake halikitakasi kipande kinene. Tena ukame huzidisha sumu hiyo, na ukame ndio wakati ambao watu wana njaa na haraka.

Si maneno ya kutishana. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, kulikuwa na ukame, na watu waliishi kwa muhogo mchungu usiotayarishwa sawasawa. Zaidi ya watu elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu. Maradhi hayo huitwa konzo, neno la Kiyaka kutoka Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa, na aliyepooza haponi tena. Mwaka 1985 konzo ilionekana nchini kwetu pia, katika wilaya ya Tarime. Watu hao walikuwa wakulima wa muhogo, si wageni wa zao hilo. Walichopungukiwa katika siku zile za dhiki ni muda wa kulitimiza sharti.

Kisamvu nacho tukitazame. Mila ni kukitwanga kinuni kwanza, kikiwa kibichi, ndipo kichemshwe chungu wazi, na tui lije mwishoni. Wapo leo wanaochemsha majani mazima kisha wakayasaga kwenye mashine, wakiona yote ni mamoja. Si mamoja. Kutwanga ndiko kunakoifungua sumu, na kuchemsha ndiko kunakoiondoa. Mashine haina kosa lolote iwapo itasaga kabla ya moto. Kosa ni kuugeuza mpango.

Maharage ya nazi nayo yana sharti lake. Maharage mekundu yakiliwa mabichi au nusu mbichi hutapisha na kuharisha. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, tia mapya, na uyachemshe kwa moto mkali kwa dakika kumi na zaidi kabla ya kupunguza moto mpaka yaive kabisa. Moto mdogo wa tangu mwanzo, ambao baadhi yetu huuchagua ili kuokoa mkaa au gesi, waweza kuyalainisha maharage bila kuiua sumu yake.

Shelisheli, kwa upande wake, halina hila. Mti huo asili yake ni visiwa vya bahari ya Pasifiki, na jina tulilolipa linataja visiwa vya jirani zetu. Lichume lililokomaa, ambalo ngozi yake imetoa matone ya utomvu yaliyokauka. Waweza kuliweka zima juu ya makaa, ukiligeuza mpaka ngozi yote iwe nyeusi, kisha ulimenye na kulila kwa mchuzi. Waweza pia kulikata vipande na kulipika kwa nazi kama muhogo, au kulikata membamba ukalikaanga na kulinyunyizia chumvi na pilipili. Kila msimu mashelisheli mengi huanguka na kuoza chini ya miti yake, na nyumba ya jirani inanunua mkate.

Tukitoka shambani tuelekee pwani, ambako sharti la kwanza ni muda. Jodari na vibua wakiachwa juani, hata kwa saa chache, hujenga ndani ya nyama yao kitu kinachomletea mlaji wekundu wa uso, kuwashwa mwili, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio. Kitu hicho kikishajengeka, moto haukiondoi, wala ndimu, wala pilipili. Mama aliyempasua samaki papo hapo, akamtoa matumbo, akamtia chumvi na kumkaanga siku ile ile, alikuwa akiilinda nyumba yake. Mwenye barafu aitumie tangu chomboni, asingoje mpaka sokoni.

Wali na mchuzi uliobaki nao una muda wake. Chakula cha nazi huchacha upesi katika joto letu, nasi twalijua hilo kwa harufu. Lakini wali mweupe ulioachwa sufuriani usiku kucha waweza kuwa na madhara bila ya harufu, na kuupasha moto asubuhi hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa na vijidudu. Upike unaotosha. Ukibaki, upoze haraka kwenye sinia pana, uuweke mahali pa baridi na uliwe mapema.

Lipo pia sharti lililo kubwa kuliko yote, nalo halihusu namna ya kupika bali kutopika. Bunju hapikwi. Sumu iliyomo katika ini lake, mayai yake na ngozi yake haiishi kwa moto. Kadhalika kasa. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 watu saba walifariki Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Mwezi wa Machi mwaka 2024, katika Kisiwa Panza, watu tisa walifariki kwa sababu hiyo hiyo, wanane kati yao wakiwa watoto, na wengine 78 walilazwa. Nyama ile ilipikwa na ikaiva. Waliopika walikuwa wazazi, na waliopewa minofu mizuri, kama ilivyo desturi ya mapenzi, ni watoto.

Hapa ndipo tunapopaswa kusema waziwazi. Si kila kasa ana sumu, na hilo ndilo linalodanganya. Mtu amekula mara kumi hakudhurika, baba yake alikula kabla yake, naye akasadiki kwamba khabari za sumu ni vitisho. Lakini kasa mwenye sumu hatambulikani. Huogelea vizuri kama wenziwe, nyama yake haina rangi wala ladha ya ajabu, na hakuna kiungo, kivunde wala moto wa kumtakasa. Inadhaniwa kuwa sumu hiyo huipata katika chakula chake baharini. Imepata kuonekana hata mtoto anyonyaye akidhurika kwa maziwa ya mama aliyekula. Sheria inamlinda kasa kwa sababu ni kiumbe anayetoweka. Hata kama isingekuwapo sheria hiyo, chungu chenye kasa ni chungu kisichostahili kuwekwa mbele ya mtoto. Na aliyekwisha kula, akajihisi kichefuchefu, kuwashwa koo au kulegea, akimbizwe kituo cha afya mara moja, pamoja na wote aliokula nao.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu tunayo haja kwa pande mbili. Kwa wananchi, haja yetu ni ndogo: unapomfundisha mtu kupika, mfundishe na sababu. Sharti lisilo na sababu huonekana ushirikina, na kijana huliacha akiwa na haraka. Akiambiwa kuwa mfuniko huzuia sumu isitoke, hatausahau mfuniko maisha yake yote. Wanaume nao wasikae nje ya somo hili wakisema ni mambo ya jikoni. Mvuvi ndiye anayeamua samaki afike vipi pwani, na ndiye anayeamua kasa aliyenaswa wavuni arudishwe baharini au aletwe nyumbani.

Kwa viongozi wetu, haja ni kubwa kidogo. Elimu hii ipo, imelala kwa mabibi katika kila shehia, na kila mwaka sehemu yake huzikwa pamoja nao. Ikusanywe na maafisa wa afya na wa kilimo, ipimwe pale inapohitaji kupimwa, iandikwe kwa Kiswahili chepesi chenye vipimo na sababu, kisha ifundishwe skuli kwa wasichana na wavulana. Redio ina saa za kutosha za kuitangaza. Na katika kila diko, mahali samaki wanapouzwa, pawekwe ubao wenye picha ya kasa na ya bunju na maneno ya kusomeka kwa mbali. Ubao huo uwepo mwaka mzima, usisubiri msiba. Tumeona kwamba miaka miwili na miezi michache baada ya msiba wa mwaka 2021, maneno ya onyo yalikuwa yamekwisha kupoa, na watoto wengine wakazikwa.

Gharama ya haya yote si kubwa ikilinganishwa na kitanda kimoja cha hospitali, sembuse kaburi la mtoto. Visiwa hivi vimejaliwa muhogo, shelisheli, nazi na samaki, na mikono inayojua kuvipika. Kilichobaki ni kutoiacha elimu hiyo ipotee njiani baina ya bibi na mjukuu. Kuanzia leo, atakayeulizwa mapishi na akajibu "kiasi", aongeze na maneno mengine mawili: "kwa sababu".