Bomba la moshi linavyokula nguvu ya mashine

WAMILIKI wa mashine za kusaga na pampu za maji kandokando ya Mlima Meru wakiona injini imepungua nguvu, hukimbilia kubadili plagi, kufungua nozeli au kumlaumu muuza mafuta. Wachache hutazama ekzosi.

Injini haiwezi kuvuta hewa safi ya kutosha kabla haijatoa moshi wa mlipuko uliopita. Moshi ukibanwa njiani, sehemu yake hubaki ndani ya silinda na kuchukua nafasi ya hewa. Mafuta hayaungui yote, moshi unakuwa mweusi na injini inachemka.

Kosa kubwa liko kwenye mashine za dizeli zilizofungwa ndani ya vibanda. Fundi, awe wa Unga Limited au Usa River, huunga bomba refu lenye kona mbili tatu ili moshi utokee juu ya paa, lakini kwa upana uleule wa tundu la injini, pengine mdogo zaidi kwa kuwa ndilo lililokuwepo dukani. Dawa ni upana. Kwa urefu uleule, bomba la inchi moja na nusu hubana moshi takriban mara nne zaidi ya la inchi mbili. Na kona zipinde taratibu.

Arusha jambo hili lina uzito wake. Mji uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Honda hueleza katika maelekezo ya injini zake ndogo za petroli kuwa nguvu hupungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300. Pampu ya mkulima wa nyanya hapa imeshapoteza kama asilimia 16 kabla haijawashwa! Petroli nayo huzidi hewa, hivyo masizi huziba wavu wa sailensa. Usafishwe kwa brashi ya waya.

Vijana wa bodaboda wao hutoboa sailensa. Pikipiki inanguruma kweli, ila kabureta isiporekebishwa hewa huzidi petroli, na vali ya moshi huweza kuungua. Hapo faida ya wiki nzima huishia gereji.

Kwa mwenye mashine, kupima ni rahisi. Fungua milango na madirisha yote, toa bomba refu ukiacha sailensa, usage debe moja, kisha zima. Mashine ikichangamka, bomba ndilo mchawi. Lirudishwe jipya, pana, siku hiyohiyo, maana moshi wa injini ndani ya kibanda una gesi isiyo na harufu inayoua.